Joto la Ndani ya Mota

Tarehe 11 Januari

Mwanangu Cheche,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua utaniamkia haraka haraka kisha ukimbie. Mimi ni mzima. Goti tu ndilo linalonilalamikia kila nikikanyaga cherehani. Jirani yetu mwenye duka la vitabu ameozesha binti yake, na mimi ndiye niliyeshona nguo zote, hata ya mama mkwe ambaye hakuna kipimo kinachomtosha wala kumridhisha. Baba yako naye ni mzima. Anakula, anafungua karakana mapema kama kawaida yake, anagombana na redio.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu zako zimenichosha. Unapiga, unasema "mimi mzima, shangazi", unauliza hali, unakata. Kwenye barua mtu hana pa kukimbilia.

Huu ni mwaka wa pili tangu uweke koleo na bisibisi zako juu ya meza ya baba yako, mbele ya wateja, ukaondoka. Siulizi nani alikuwa na haki. Yeye alisema amekufundisha kusuka upya nyaya za mota za pampu zinazowapa watu maji, na wewe unataka kukimbiza vigari vya watoto. Wewe ukasema uliyosema. Tangu hapo mnasalimiana kupitia kwangu, na mimi ni fundi cherehani, si posta.

Niambie hayo magari ni kitu gani hasa. Nikielewa, nitajua nikutetee vipi.

Shangazi yako


Tarehe 2 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Umenishika, na leo sina pa kukimbilia. Pole na goti. Mimi ni mzima kabisa. Kazini bado niko kwenye lile ghala la baridi la matunda, natengeneza mitambo ya ubaridi. Nashinda nimevaa koti zito ndani, nikitoka nje jua linanipokea kama nimeingia kwenye jiko. Chumba changu kina dirisha moja na meza moja, na meza hiyo imejaa magurudumu. Chakula nalia kitandani.

Umeuliza kuhusu magari. Yana urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi vidole, yanaendeshwa kwa rimoti, na yakiwa kwenye mnyooko, pale njia inaponyooka, huwezi kuyakimbiza kwa baiskeli. Tunashindana Jumapili kwenye kiwanja cha lami nyuma ya ukumbi wa mikutano. Madereva tunasimama juu ya jukwaa la mbao tukiwa tumepangana kama kwaya, kila mtu macho kwenye gari lake. Hakuna mtoto hata mmoja pale. Bingwa wetu ni daktari wa meno. Anayemfuata ana tanuri la mikate. Mimi ni wa tatu, na mwanamke pale ni mimi peke yangu.

Mota zetu hazina brashi. Zile za karakana zina vipande vya kaboni vinavyosugua kupeleka umeme kwenye koili inayozunguka. Hizi zetu koili imetulia pembeni, katikati inazunguka sumaku, na kuna kifaa kidogo kinachogawa umeme kwa zamu kwenye koili ili sumaku ifuate. Hakuna kinachosuguana ila beringi. Kwa hiyo mtu anadhani haiwezi kuharibika. Inaharibika, shangazi. Inauawa na joto.

Mwezi uliopita gari langu lilianza kwenda kasi kuliko zamani likiwa limeinuliwa juu, magurudumu hewani. Nikafurahi, nikajiona fundi. Nilipoliweka chini likawa halina nguvu ya kutoka kwenye kona, na mota ikawa inachemka kila nikikimbia. Kumbe sumaku ilikuwa imeshapikwa. Ikipoteza nguvu inazunguka bure kwa wepesi, lakini haivuti mzigo, kwa hiyo inakula umeme mwingi zaidi na kuchemka zaidi. Nilimaliza wa mwisho, gari nimelibeba kwapani.

Hayo ni yako peke yako. Usimsomee mtu.

Cheche


Tarehe 20 Februari

Cheche mwanangu,

Huku salama. Mvua hazijaja, vumbi limejaa hadi kwenye kitambaa cheupe cha mteja. Goti limepoa.

Uliniambia nisimsomee mtu, nami sikumsomea mtu. Nilikuwa nimekaa karakana kwa kaka yangu, nasoma kwa sauti kwa sababu miwani yangu inanisumbua na nikisoma kimya napotea mstari. Kama kulikuwa na mtu anasuka mota pale karibu na masikio yake yalikuwa wazi, hilo si kosa langu.

Mtu mmoja, simtaji, alikuwa ameinamia koili, akasema bila kuinua kichwa: "Aweke waya mnene." Nikauliza, nini? Akasema hajasema kitu. Baada ya muda akasema tena: "Mota unaigusa kwa kiganja. Ukiweza kuacha kiganja juu yake bila kukitoa, ni nzima. Ukikitoa, izime. Miaka yote hiyo ndivyo zilivyopimwa." Kisha akaongeza sauti ya redio, ndiyo dalili kwamba mazungumzo yamefungwa.

Nimekuandikia kama nilivyosikia. Mimi mwenyewe kiganja nakitumia kwenye pasi, na nina makovu.

Kula vizuri. Kula mezani.

Shangazi yako


Tarehe 9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia goti limepoa. Hapa kazini tumepokea mtambo mpya, na msimamizi amenipa mimi kuufunga, ingawa kuna mafundi wawili wakubwa kunizidi. Nimeufunga, unafanya kazi. Nakwambia hili ili na wewe uwe na la kujivunia mbele ya mwenye duka la vitabu.

Sasa mwambie huyo mtu mmoja haya, kwa heshima zote.

Kwanza, waya mnene siwezi. Sisi sote tunatumia mota ya aina moja, na sheria zinakataza kuifungua na kubadilisha koili. Mwamuzi anazikagua zote.

Pili, kiganja kinadanganya. Sikatai kwamba kwa mota za pampu kinafaa, chuma chake ni kizito na joto linatoka taratibu. Hizi ni ndogo kama limau. Ninayo bastola ya kupimia joto, unailenga kwenye mota inakuonyesha nyuzi. Gari likisimama inasema nyuzi sabini na tano. Ukisubiri kidogo, gari likiwa limesimama pale pale, inapanda hadi tisini. Gari limezimwa, shangazi, na joto linapanda. Kwa sababu ganda la nje linapozwa na upepo wakati gari linakimbia, lakini sumaku iko katikati kabisa, imefungiwa, joto lake halina mlango. Ukigusa ganda unamsalimia mlinzi wa getini, mwenye nyumba hujamwona.

Kama haamini, ndani ya bahasha nimeweka sumaku mbili. Ile niliyoifunga uzi mwekundu ndiyo iliyokufa. Nyingine ni nzima. Azipime mwenyewe.

Jambo jingine. Daktari wa meno amenifuata. Ana timu, ana feni za bei mbaya za kupoza mota, ana mtu wa kumbebea betri. Akaniambia, "Wewe unazijua mota kuliko sisi sote. Njoo uniandalie zangu, mimi niendeshe." Akatabasamu na meno yake yote. Nikamwambia nashukuru, ila mimi pia ninaendesha. Amechukia kidogo. Mimi nililala vizuri.

Sijauliza ushauri wa mtu. Nimejibu tu.

Cheche


Tarehe 17 Aprili

Mwanangu,

Najua nimechelewa. Usidhani naumwa. Nilisubiri kwa sababu hapa kumekuwa na mambo, na sikutaka kuandika nusu nusu.

Bahasha yako niliifungulia karakana. Nilipoweka zile sumaku mbili juu ya meza, kaka yangu alizitazama kama vile nimemwekea mende. Nikasoma barua. Nilipofika kwenye mlinzi wa getini, mteja aliyekuwa amekuja kuchukua feni yake akacheka. Kaka yangu hakucheka. Akamrudishia mteja feni, akafunga mlango wa karakana mchana kweupe. Akaanza na misumari. Ile nzima ilinyanyua rundo zima la misumari likaning'inia kama ndevu. Ile ya uzi mwekundu ilinyanyua kidogo tu, mingine ikadondoka.

"Labda ilikuwa mbovu tangu kiwandani," akasema.

Nikamwambia sijui, mimi nashona.

Basi akachukua ile nzima, akaitia kwenye tanuri lake la kukaushia vanishi ya koili. Nikamwambia hiyo ni sumaku ya mtoto wa watu. Akaitoa, akaiacha ipoe kabisa, akairudisha kwenye misumari. Cheche, ndevu zilipungua nusu. Akaipima tena, akabadilisha misumari, akapima tena. Kesho yake nilipita asubuhi nikamkuta bado anapima, na mota ya mteja imelala pembeni.

Wiki ikapita, nyingine ikapita. Kila nikimuuliza nimjibu nini mwanawe, anasema ana kazi. Ndiyo maana barua imechelewa.

Juzi jioni alikuja kwangu. Hakukaa. Alisimama mlangoni na ile sumaku mfukoni, anaizungusha zungusha. Akasema, "Andika kwamba ni kweli. Kiganja hakifiki ndani."

Nikamwambia rudia, sijasikia vizuri. Nilikuwa nimesikia. Akasema, "Umesikia." Kisha akasema neno jingine, nami naliandika lilivyo: pampu za wakulima zinapoungua msimu wa jua, yeye hawaongezei feni. Anawaambia wapunguze mzigo, mota isikazane. Watu hawapendi kusikia, wanataka maji mengi upesi. Lakini wanaomsikiliza mota zao zinafika msimu mwingine.

Umekataa kuwa mbeba mota wa daktari? Umefanya vyema. Hilo nalo nilimsomea. Redio hakuifungulia siku nzima.

Shangazi yako


Tarehe 4 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye korido ya ghala, nimevaa koti, na nikaisoma tena. Mwenzangu akaniuliza nimefiwa? Nikamwambia hapana.

Kupunguza mzigo nilikuwa nimewaza, ila nilikuwa naogopa. Kwenye shina la mota kuna kigia kidogo. Kikiwa na meno mengi gari linakimbia sana kwenye mnyooko, lakini mota inakazana. Kikiwa na meno machache inapumua, ila unaachwa kwenye mnyooko mbele za watu. Daktari na mwoka mikate wote wanafunga kigia kikubwa na kuongeza feni juu yake. Mimi nimefunga kidogo, kidogo kuliko cha mtu yeyote pale kiwanjani.

Nimekwenda nacho mazoezini. Kwenye mnyooko wamenipita wakicheka. Mwoka mikate akaniuliza kama nimeweka gia ya trekta. Lakini nimegundua kitu. Kwenye kona gari langu linatoka kama limepigwa kofi, na baada ya kukimbia mota yangu ilikuwa nyuzi sitini na kitu. Ya daktari niliipima kwa mbali bila yeye kuona, namba ikawa kubwa hadi nikafikiri bastola imeharibika.

Fainali ya msimu ni dakika kumi bila kusimama, na wameiweka saa saba mchana. Wengi wamelalamika. Mimi sikulalamika.

Ni Jumapili, tarehe kumi na nane mwezi huu. Karakana nyingi huwa zimefungwa Jumapili. Basi lipo linalofika huku Jumamosi usiku. Nakwambia tu.

Cheche


Tarehe 13 Mei

Mwanangu,

Barua hii naituma na dereva wa basi ili ikufikie kabla. Salamu ni nyingi, muda hakuna.

Nilisoma barua yako yote kwa sauti, na ile sehemu ya Jumapili na basi nikaisoma mara mbili, nikikohoa katikati. Kaka yangu alisema ana mota ya pampu ya zahanati ambayo lazima iishe, na kwamba mtu hawezi kuacha wagonjwa bila maji kwa ajili ya vigari. Alisema "vigari". Nilitaka nimrushie mkasi.

Usivunjike moyo. Nenda ukaendeshe. Mimi goti lingekuwa langu ningekuja.

Shangazi


Tarehe 20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Naandika kwa haraka, kwa hiyo nivumilie mwandiko.

Nilifika mapema. Lami ilikuwa inanata kwenye viatu. Watu walijaa kwenye uzio kuliko siku zote, wengine na miavuli. Tulipanda jukwaani magari kumi. Daktari wa meno alikuwa wa kwanza kwenye mstari, mwoka mikate wa pili, mimi wa nne. Daktari akaniambia kwa upole, "Ukiona tunakuja kukupita mara ya pili, tupishe."

Tulipoanza waliniacha. Sikufichi, waliniacha vibaya. Kwenye mnyooko walikuwa wanapotea kama mshale, na mimi nilikuwa naangalia mgongo wa gari la mbele tu. Nilisikia mtu kwenye uzio anacheka. Nilitamani niwe na kigia kikubwa, nikiri. Vidole vilikuwa vinaniwasha niongeze mwendo hata mahali pasipofaa. Nikajiambia, wewe endesha kona zako, mnyooko si wako leo.

Nusu ya mbio ikapita. Gari la tatu likaanza kuvuta miguu, nikalipita. Nikadhani dereva amekosea. Kisha nikasikia sauti ya gari la mwoka mikate kwenye mnyooko, ile filimbi yake ilikuwa imeshuka. Nikamwona anageuza uso kuitazama rimoti yake, kama vile kosa liko mkononi. Kona moja, ya pili, nikampita kwa ndani. Akaguna tu.

Ikabaki daktari. Alikuwa mbali, lakini kila tukitoka kwenye kona namkaribia. Mota yake ilikuwa imechemka kiasi kwamba kile kifaa cha kugawa umeme kilianza kuukata chenyewe ili kisiungue. Gari lake likawa linakwenda, linasita, linakwenda. "Unafanya nini wewe?" alikuwa analiambia gari. Ilipobaki mizunguko miwili nilimpita baada ya kona ya mwisho, kwenye mnyooko, shangazi. Kwenye mnyooko wake. Mota yangu ilikuwa inaimba vile vile kama ilivyoanza.

Nimeshinda. Mwanamke wa kwanza, na kwa gia ya trekta.

Mwamuzi alipima mota zote mbele ya watu. Yangu nyuzi sabini na mbili. Ya daktari alipoitaja namba yake watu waliguna. Daktari alikuja kunipa mkono, ni mtu mzuri akishindwa. Akaniuliza, "Nani amekufundisha mambo ya mota?" Kulikuwa na watu wengi, mwandishi wa gazeti la klabu alikuwepo na kalamu yake. Nikasema, "Baba yangu. Anasuka mota. Hakuna anayezijua kama yeye."

Nilisema kwa sauti. Kisha nikaenda nyuma ya ukumbi nikakaa peke yangu kidogo.

Natumaini pampu ya zahanati inafanya kazi.

Cheche


Tarehe 6 Juni

Cheche mwanangu, bingwa,

Hongera. Nimeanza na hiyo, salamu zitafuata. Mwenye duka la vitabu amesikia, mama mkwe amesikia, wateja wangu wote wamesikia mara mbili mbili. Goti ni zima leo.

Sasa nikueleze. Ile Jumapili nilipita karakana na chakula, kwa sababu nilijua yuko peke yake na pampu yake. Nikakuta kufuli. Nikaenda nyumbani kwake, kufuli. Mlinzi wa zahanati akaniambia mota ilirudishwa Ijumaa na maji yanatoka. Nikasema basi amekwenda kutembea, ingawa kaka yangu hajawahi kutembea bila sababu. Akarudi Jumatatu jioni, uso umeungua na jua, viatu vina lami. Nikamuuliza umetoka wapi. Akasema alikwenda kutafuta waya. Nikauliza uko wapi waya. Akasema haukupatikana.

Barua yako ilipofika nikaenda nayo. Akazima redio mwenyewe. Nikasoma, naye anasuka, kichwa chini. Nilipofika pale ulipompita daktari baada ya kona ya mwisho, akasema, "Si baada ya kona. Alianza kumpita ndani ya kona. Kwenye mnyooko alimalizia tu."

Niliweka barua chini. Nikamtazama. Alijua kwamba amejisema, akaficha uso kwenye koili kama mtoto.

Nikamwambia, "Ulikuwa pale, na hukumsogelea?"

Akasema, "Nilikuwa nyuma ya watu wenye miavuli. Angeniona angeniangalia mimi, aache gari." Nikamuuliza na baada ya kwisha je? Akasema basi lilikuwa linaondoka. Basi huwa haliondoki mchana, mimi na wewe tunajua. Sikumbana zaidi.

Nikaendelea kusoma. Alikuwa ameondoka kabla ya daktari kukuuliza lile swali, kwa hiyo jibu lako alilisikia kwangu kwa mara ya kwanza. Aliacha waya ukafumuka wote kutoka mkononi, kazi ya asubuhi nzima. Akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma tena. Mteja akaingia, akamwambia asubiri, nikasoma tena mbele ya mteja.

Tangu siku hiyo hakuna anayeleta hata feni bila kusimuliwa habari za sumaku isiyofikiwa na kiganja. Anatia chumvi kidogo. Kwake yeye magari yalikuwa ishirini.

Nimemwambia mimi si posta tena, na nimemwachia nafasi hapa chini. Karatasi imekaa mbele yake tangu asubuhi. Amechonga penseli mara tatu.

Shangazi yako


Cheche.

Gia ulichagua sawasawa. Kona ya pili unaiingia mapema mno, unapoteza mwendo bure. Njoo nikuonyeshe, na mimi unionyeshe hiyo bastola.

Baba yako